Tulikuwa tunatafuta nani kamfanyia, huku mdogo wangu anazidi kuumwa

Kama kwenu sasa hivi kuna mtu halali usiku, anaongea mpaka sauti inakauka, anagawa vitu ovyo au ameshaanza kutafuta mteja wa shamba, na wazee wamekaa wanajadili ni nani kamfanyia, naomba usome hii kabla hamjachanga nauli ya kwenda popote. Sisi tumepita huko. Mimi ni dada mkubwa, kwetu ni Uru, na huyu mdogo wangu ninayemuongelea alikuwa na meza ya viatu vya mitumba pale Memorial, Moshi mjini. Mwenyewe kanipa ruhusa niandike, sharti lake nisimtaje jina, na kuna sehemu kanirekebisha maana vitu vingine yeye anavikumbuka tofauti kabisa na sisi tuliokuwa tunamwangalia.

Haikuanza kwa fujo, ilianza na ukimya. Baba alifariki, na misiba ya kwetu mnaijua, kuna ng'ombe, kuna maturubai, kuna kulisha watu, sasa mdogo wangu kama kitinda mimba wa kiume anayebaki na nyumba ya baba akaona ni jukumu lake, akaenda kuchukua ile mikopo ya riba kubwa, kausha damu, bila kumwambia mtu. Watu walipotawanyika akabaki na kaburi na deni. Miezi iliyofuata akawa hatoki kitandani, meza anamuachia kijana, haogi mpaka asukumwe, chakula anakigusa anakirudisha, ukimuongelesha anakujibu baada ya muda kama vile swali limetoka mbali. Wengine wakasema majonzi, wengine wakasema uvivu, kaka yetu wa Dar akasema kwenye simu "ajikaze, ni mwanaume". Ile ilikuwa sonona, ugonjwa wenyewe kabisa, ila nyumbani hakuna aliyeita ugonjwa.

Mkewe, yani wifi yangu, ndio peke yake aliyemshika mkono akampeleka zahanati moja ya mtaani. Walieleza hapati usingizi na hana raha, wakapewa vidonge vya amitriptilini, dawa ya sonona ya kundi la zamani, wakarudi nyumbani. Pale hawakuulizwa kama huko nyuma aliwahi kuwa na kipindi cha kinyume chake, kipindi cha nguvu zisizo za kawaida. Na kilikuwepo. Miaka ya nyuma alipokuwa anauza nguo soko la Kilombero kule Arusha alikuwa na wiki kadhaa za kulala masaa machache, kuongea haraka, mipango mikubwa, na hela kuisha bila maelezo. Tulijua ni ujana tu. Nimeanza na hili makusudi, kwasababu kumbe ni taarifa ambayo daktari anaihitaji sana: mtu mwenye ugonjwa wa baipola, yani hisia zinazopanda juu sana na kushuka chini sana kwa vipindi, akipewa dawa ya sonona peke yake bila dawa ya kutuliza mabadiliko ya hisia, anaweza akarushwa kutoka chini kwenda juu kwa kasi. Dawa za kundi hilo la zamani zinajulikana zaidi kwa hilo.

Akarushwa juu. Na mwanzoni tulifurahi jamani. Alirudi kazini, anacheka, anatania, anaamka kabla ya wote, mama mpaka akatoa sadaka ya shukrani kanisani. Usiku mmoja nililala kwao Majengo, nikaamka saa tisa kwenda chooni nikamkuta uani na mabeseni mawili, tochi ya simu kaibana kwenye kamba ya nguo, anasugua viatu. Soli anazipiga kwa mswaki wa meno, kamba za viatu kazifua kazianika mojamoja, na kila kiatu kinachotakata anakipanga ukutani kwa rangi, vyeupe upande huu, vya kijivu upande ule, chini ya kila jozi kaandika bei kwa chaki. Vidole vilikuwa vimechubuka kwa sabuni na brashi mpaka vinatoa damu na yeye wala hana habari. Nikamwambia mdogo wangu nenda ukalale, akanijibu huku anacheka, "Dada, usingizi ni wa watu wasio na mpango."

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Akachukua marobota ya viatu kwa mali kauli, yani mzigo wa mkopo unaolipa ukishauza, kuliko uwezo wa meza yake, vingine akawagawia bodaboda bure kwa maelezo kwamba ni mtaji wa upendo, akaanza kupiga simu saa nane usiku kwa watu ambao hata hatuwajui, akasema anauza sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo, ajenge hoteli ya wapanda mlima kule Marangu. Ukimpinga anawaka. Mtu ambaye hajawahi kumjibu mama vibaya alimtolea maneno mbele ya wageni, na siku baba mkubwa alipomshika mkono kumtuliza alimsukuma mzee wa watu akaanguka kwenye migomba. Mwishoni akawa anasema ametumwa, na kwamba redio inamtaja yeye.

Hapo ndipo kikao cha ukoo kikaitwa. Na nawaambia ukweli, kila aliyekaa kwenye kile kikao alikuja na mtuhumiwa wake mfukoni. Baba mkubwa alisema ni babu hajafanyiwa tambiko toka nyumba ya zamani ibomolewe. Shangazi alisema ni jirani wa mpaka, yule mwenye kesi ya kihamba. Rafiki zake wa Memorial walisema ni mwenye meza ya tatu kutoka kwake, wivu wa biashara. Ila jina lililopita kwa urahisi kuliko yote ni la wifi, kwasababu ni Mpare, katoka Same, hana mtu pale ukumbini wa kumtetea, na yeye ndiye aliyempa "vidonge vya ajabu". Ikasemwa kamlisha kitu. Ile wiki wifi akaondoka na mtoto mgongoni kurudi kwao, na hakuna aliyempigia simu kuuliza kama amefika.

Naomba hapa nielezee gharama za ule utafutaji, maana watu wanazificha. Tulienda kwa mtaalamu mmoja huko milimani, akataka mbuzi na hela, akampa dawa za kunywa ambazo mpaka leo hatujui zilikuwa nini, mdogo wangu akatapika na kuharisha mpaka macho yakaingia ndani. Ng'ombe wa maziwa wa mama akauzwa. Kisha tukampeleka nyumba moja ya maombi upande wa Arusha, wanapokea watu wenye hali hiyo wanakaa nao. Kule alifungwa kamba kwenye mguu wa kitanda ili asikimbie, akawekwa kwenye mfungo, na maombi yenyewe ni ya kukesha. Sasa fikiria mtu ambaye ugonjwa wake unachochewa na kukosa usingizi, unamkesheza. Kila tulivyoenda kumuona alikuwa amezidi, na maelezo yalikuwa kwamba pepo linapambana. Alama ya ile kamba iko kwenye kifundo cha mguu mpaka leo.

Mimi ni mtu wa kanisa na sijaandika hii kupinga maombi. Aliyetutoa kule ni mchungaji wetu wa usharika, alikuja kumsalimia mama, akasikia habari yote, akasema, "Mama, mtoto apelekwe hospitali leo, na mimi nitakuja kumuombea huko huko wodini." Na alikuja kweli. Kwahiyo ukiambiwa uchague kati ya imani na daktari, jua anayekulazimisha kuchagua ndio mwenye tatizo.

Kumpeleka mtu wa hali ile si mchezo. Hajioni anaumwa, kwahiyo kumbembeleza "twende ukatibiwe" ni sawa na kumtukana. Kilichotusaidia ni kwamba alikuwa hajalala siku nyingi na kichwa kinamuuma, tukamwambia twende upate kitu cha kichwa na usingizi, ambacho hakikuwa uongo. Tukatafuta gari lililofungwa siyo bodaboda, katikati akakaa mtu anayemheshimu na siyo anayemuogopa, hakuna kubishana naye kuhusu hoteli wala redio, na tulimpa taarifa mwenyekiti wa mtaa mapema ili likitokea la kutokea isionekane tunamteka. Hata kisheria kuna njia, nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inayoruhusu mtu kufikishwa hospitali na kulazwa hata kama mwenyewe kwa wakati ule hakubali, kwa utaratibu na kwa maamuzi ya wataalamu, kwahiyo msiogope kuomba msaada wa serikali ya mtaa au ustawi wa jamii. Kamba acheni kabisa.

Hospitalini walianza na vipimo vya damu na mkojo, malaria, sukari, virusi vya ukimwi, kaswende, na baadae tezi ya shingo. Baba mkubwa akaanza kulalamika kwamba mtu kachanganyikiwa nyie mnapima malaria. Lakini ndivyo inavyotakiwa, maana kuna magonjwa ya mwili yanayokuja na sura ileile ya kuchanganyikiwa, na ukimpa mtu dawa ya akili peke yake wakati ana malaria kali anaweza kufa. Wakauliza pia kuhusu bangi na mirungi. Tulitaka kuficha, ila mdogo wangu mwenyewe akasema kwa sauti kwamba mirungi anatafuna akiwa na safari za kwenda kuchukua mzigo usiku. Msifiche hivi vitu, pale hamjaenda polisi.

Kisha dokta akatuita ndugu. Akauliza ilianzaje, na sisi tukaanza kama kawaida yetu, jirani, tambiko, mke. Alisikiliza bila kudharau hata kidogo, halafu akasema, "Hayo mmeniambia ni nani. Mimi naomba mniambie nini na lini. Alianza lini kukosa usingizi? Alikuwa anatumia dawa gani? Kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuwa hivi?" Tukaangaliana. Usiku gani aliacha kulala, hakuna aliyejua, kwasababu hakuna kati yetu aliyekuwa analala naye nyumba moja. Akauliza, mke wake yuko wapi?

Kimya kile mimi sitakisahau. Nikatoka nje kwenye korido nikampigia wifi Same, akapokea, nikamsalimia nikashindwa kuendelea, nikampa dokta simu. Na wifi, mtu tuliyemfukuza, alikuwa na kila kitu. Alikuwa na daftari la mahesabu ya meza, pembeni ya mauzo alikuwa anaandika mumewe kala nini, kalala saa ngapi, vidonge kaanza tarehe ngapi. Akamsomea dokta kwenye simu: vidonge vimeanza, wiki zikapita kidogo akaanza kuchangamka, usingizi ukashuka masaa matano, matatu, moja. Akamueleza na ile habari ya Kilombero ambayo mdogo wangu alimsimulia walipokuwa wachumba. Dokta akamshukuru kwa sauti mbele yetu. Baba mkubwa alikuwa anaangalia viatu vyake.

Tukaambiwa ni baipola, na kwamba kile kipindi cha kuwa juu kinaitwa mania. Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2019 lilikadiria watu milioni 40 duniani wanaishi nao, na ukijumlisha matatizo yote ya afya ya akili ni mtu mmoja kati ya kila wanane. Kwahiyo si laana ya Uru.

Kuhusu chanzo, hapa ndio mahali nataka mpaelewe vizuri. Sisi tulitaka chanzo kimoja, tukitoe, mtu apone. Dokta alieleza kwamba hakuna kimoja. Kuna kurithi, na hapo ndipo mama akakumbuka kwa sauti ndogo shangazi yake baba, yule aliyekuwa anatembea barabarani anaimba usiku kucha halafu miezi mingine hatoki ndani, ambaye sisi tuliambiwa "alirogwa na mke mwenza". Ila kurithi siyo hukumu: kwenye watu wa kawaida baipola inapata kama mtu mmoja au wawili kati ya mia, kwa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeumwa inafika karibu mmoja kati ya kumi, maana yake walio wengi hawaupati. Juu ya huo urithi ukaja msiba, likaja deni, zikaja safari za usiku na mirungi inayofukuza usingizi, zikaja na zile amitriptilini. Mfereji wetu ukifurika kule juu huwezi kusema ni mvua ya nani, kuna mvua, kuna matope yaliyojaa, kuna aliyefungulia maji usiku, vyote kwa pamoja. Na dokta alisisitiza kwamba hata aliyetoa vile vidonge, hata aliyempeleka, wasiitwe wakosaji, wifi wa watu alikuwa anatafuta msaada kwa mume aliyekuwa hali chakula.

Matibabu yenyewe nayo yana mambo ya kutisha kama hujaambiwa. Kwanza walimchoma sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza, akalala, jamani, alilala kwa mara ya kwanza, mama akakaa pembeni anamhesabia pumzi. Kesho yake jioni nikiwa nampa uji ghafla shingo ikaanza kupinda upande, taratibu, kama kuna mtu anamvuta sikio, macho yakapanda juu yakabaki meupe, ulimi ukajaa mdomoni hawezi kuongea. Shangazi akapiga kelele za kukemea palepale wodini, wengine wakaanza kusema si mnaona, ndio lenyewe linatoka. Nesi akaja anatembea tu wala hakimbii, akamwangalia, akamchoma sindano nyingine, na uji haujapoa shingo ikarudi. Ile ni athari ya dawa, misuli inakaza, inawapata sana vijana wa kiume siku za mwanzo, na ina dawa yake inayoirudisha haraka, kuna na vidonge vya kuizuia wengi wanaviita ateni. Familia ngapi zimetoa mgonjwa wodini usiku kwa kuona kile kitu? Ulizeni siku ya kwanza kabisa: hii dawa inaweza kuleta nini, na ikileta tufanyeje.

Baadae walimuwekea dawa za kutuliza mania na hisia, olanzapini na sodiamu valproeti, zile amitriptilini zikasitishwa. Kelele zilishuka ndani ya siku chache, ila akili kukaa sawa kabisa ilichukua wiki na wiki. Olanzapini inaleta njaa isiyo ya kawaida, alinenepa mpaka suruali zote zikamkataa, kwahiyo uzito na sukari vinatakiwa kufuatiliwa. Valproeti wanapima ini na damu. Na kwa wenye mabinti au wake wanaotumia valproeti, mwambieni daktari mapema habari ya kupata mimba, hiyo dawa inadhuru mtoto tumboni vibaya, msiinyamazie, wala msiikatishe ghafla wenyewe. Kliniki tulikutana na dada mmoja yuko kwenye lithiamu, dawa ambayo daktari wa Australia John Cade aliandika habari zake mwaka 1949 na mpaka leo ni katika zinazoaminika zaidi kwa baipola, yeye alitupa onyo alilopewa: lithiamu lazima ipimwe kiwango kwenye damu, maji ya kunywa yasipungue, na zile dawa za maumivu tunazonunua dukani bila kuuliza kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuipandisha mpaka ikawa sumu.

Upande wa hela, sera ya nchi inaweka magonjwa ya akili kwenye kundi la msamaha wa gharama kwenye hospitali za serikali, lakini dawa zikiisha dirishani unaandikiwa ukanunue nje, na hapo ndipo familia nyingi zinaachia. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali mkaeleze hali, na mmuulize daktari kama kuna dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile kuliko kukaa bila. Nauli, chakula cha mgonjwa na cha anayemuuguza, siku za kazi zinazopotea, hivyo havina msamaha. Tulichangishana kwenye kundi la familia kila mwezi, kiasi kidogo kidogo, na ikasaidia kuliko ile michango mikubwa ya mara moja tuliyopeleka kwa mganga.

Alirudia mara moja. Ilikuwa Krismasi, si mnajua Desemba watu wote wanapanda nyumbani, mbege, nyama, kukesha, na ndugu aliyekuja kutoka mbali akamwambia mbona wewe mzima kabisa, hizo dawa zitakuharibu ubongo. Akaacha kimyakimya. Mtu anaacha kwasababu anajisikia vizuri, na anajisikia vizuri kwasababu anakunywa dawa, hiyo ndio shida ya huu ugonjwa. Safari hii wifi aliona usingizi umepungua usiku wa pili tu, tukapiga simu, dozi ikarekebishwa na hakulazwa hata.

Nimeruka kitu na hicho ndicho mdogo wangu aliniambia nisikiache. Baada ya mania anakuja chini tena, na safari hii anashuka akiwa anakumbuka. Anakumbuka alichomwambia mama. Anakumbuka migomba na baba mkubwa. Anadaiwa marobota, wadai wanapiga, sokoni kuna wanaomuita Mirembe, jina la hospitali ya magonjwa ya akili, kwa sauti akipita. Alikuwa anasema, "Dada, bora ningebaki kichaa nisijue." Nesi wa kliniki alitufundisha kumuuliza wazi kama anafikiria kujiua, kwa maneno hayohayo, kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa mlango wa kusema. Nilimuuliza. Alisema ndio. Usiku ule hakuachwa peke yake, sumu ya kupulizia kahawa na kamba vikatolewa nyumbani vikapelekwa kwa jirani, asubuhi tulikuwa hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki. Watu wakiona kelele zimeisha wanaondoka, kumbe hapo ndipo pa kubaki.

Madeni tulizunguka nayo mimi na yeye, mdai mmoja mmoja pale Memorial, na cheti cha hospitali mkononi, tukaomba kulipa taratibu. Wengi walikubali. Yule mwenye meza ya tatu, aliyesemwa kwa wivu wa biashara, ndiye aliyekuwa amehifadhi marobota mawili yasiibiwe muda wote ule.

Na Same tulienda. Baba mkubwa mwenyewe aliongoza, na wazee wawili, akaomba msamaha mbele ya wazazi wa wifi kwa utaratibu wote unaotakiwa, bila kusema "ila". Wifi hakurudi siku ile. Alisema anataka kwanza mambo mawili, neno la kulishwa kitu lifutwe mbele ya ukoo wote kama lilivyosemwa mbele ya ukoo wote, na yeye aingie kliniki na mumewe kila mara. Yote yalifanyika, na alirudi wakati wa mavuno ya kahawa. Mtoto alichukua muda mrefu zaidi kumzoea baba yake.

Sasa hivi wana makubaliano waliyoandika mdogo wangu akiwa mzima, yeye ndiye aliyasema mwenyewe: akilala chini ya masaa manne usiku mbili mfululizo wifi anapiga simu kliniki bila kumuomba ruhusa, mzigo wa mali kauli hachukui bila saini ya wifi, hati ya kihamba iko kwa baba mkubwa, safari za usiku na mirungi basi. Kuna mshauri anaongea nao wote wawili pia, na hiyo imesaidia kwenye aibu kuliko kidonge chochote. Kuna siku mikono inamtetemeka hawezi kuhesabu chenji, kuna wiki anakuwa mzito. Ila anauza.

Kwa walio Moshi, hospitali ya mkoa Mawenzi na KCMC wana huduma za afya ya akili, Arusha anzeni hospitali ya Mount Meru, na aliye kijijini aanze kituo cha afya au hospitali ya wilaya aombe rufaa. Wakiona anahitaji zaidi kuna Mirembe kule Dodoma, ipo toka 1927, na watu wanalazwa wanatoka wanarudi makazini, msiitumie kama tusi. Bebeni maboksi ya kila dawa aliyotumia hata za dukani na hata mitishamba. Andikeni kwenye karatasi usingizi ulibadilika lini, alikuwaje miaka ya nyuma, nani kwenye ukoo aliwahi kuumwa. Na anayelala naye nyumba moja lazima awepo kwenye chumba cha daktari, hata kama ndiye mnayemtuhumu.